Mguu wa Kolonele

Ha Mokoto, 12 Aprili 1998

Mwanangu Letlatsa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala. Sisi huku milimani hatujambo. Mahindi tumevuna nusu, nusu nyingine imevunwa na mbuzi wa jirani yetu 'MaNthatisi, ambaye anaapa kwamba mbuzi wake hawali mahindi. Basi watakuwa walikuja kuyasalimia. Shangazi yako jino limepona, sasa anaongea tena kutwa nzima, tunavumilia.

Picha imefika. Nimeitundika juu ya kabati la vyombo, na tangu Jumanne watu wanaingia kuitazama na kutoka. Nimewaambia huyo ndiye Kolonele aliyeshinda mara tatu kule Durban, na huyo kando yake ni mwanangu, ndiye anayemwendesha. 'MaNthatisi akauliza, "Anamwendesha au anamshika kamba?" Nikamwambia farasi asiyeshikwa kamba na mtu anayejua hafiki hata kwenye geti la uwanja. Akaisogelea picha, akaikagua ile kamba.

Farasi ni mzuri, sikatai. Manyoya yanang'aa kama kiatu cha mchungaji siku ya Jumapili. Lakini hiyo miguu, baba, mbona kama ya korongo? Sisi huku tumezoea farasi wafupi wanaokanyaga mawe na kuomba mengine. Huyo wako naogopa hata kumtazama akigeuka. Wewe tangu utoto, ukirudi malishoni ulikuwa unaanza na habari za miguu ya Pulane, farasi jike wa marehemu baba yako. "Mama, Pulane ana mwiba mguu wa nyuma," kabla hujasema hata njaa. Basi niandikie vivyo hivyo.

Na ule ukosi wa shati kwenye picha umeukunja vibaya. Nimewaambia watu ni upepo.

Mimi mama yako,
'MaLetlatsa


Durban, 3 Mei 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo nyingi kwako na kwa shangazi, na kwa mbuzi wa 'MaNthatisi pia. Mimi ni mzima. Ukosi nimeunyoosha.

Tafadhali usiwaambie watu kwamba namwendesha. Anayempanda ni mtu mwingine, mwembamba kama kijiti, anakuja siku ya mbio tu. Mimi namlisha, namsugua, namtembeza, nazoa mavi yake. Nafanya hivyo vizuri, lakini ni mavi.

Unataka kujua anavyoishi. Anakula kuliko Chifu: nafaka, karoti, asali kidogo kwenye maji. Ana nguo tatu, ya baridi, ya mvua na ya nzi. Ana chumba chake mwenyewe, hatua nne kwa nne, na humo anakaa saa ishirini na mbili kwa siku. Asubuhi anatolewa, anakimbia, anaoshwa, anarudishwa. Jirani zake anawasikia tu kupitia ukuta. Amezoea kuuma ubao wa mlango na kumeza hewa, mpaka ubao umelika kama gunzi la mahindi. Bwana Hattingh, mwalimu wa farasi hawa, anasema ni tabia mbaya. Mimi sijui. Ukinifungia mimi hivyo nitakula mlango wote.

Habari kubwa ni kwamba ameandikishwa katika mbio kubwa za mwezi wa saba, tarehe nne. Zitatangazwa redioni. Bwana Hattingh anasema akishinda, mimi nitakuwa mkubwa wa watunzaji wote, na nitapewa nyumba yenye chumba cha mgeni. Mgeni ni wewe.

Nina ombi moja. Unifumie glavu za sufu, nene, zenye kupanda mpaka karibu na kiwiko.

Mwanao,
Letlatsa


Ha Mokoto, 24 Mei 1998

Mwanangu, mkubwa wa watunzaji,

Hatujambo. Theluji ya kwanza imepiga vileleni. Shangazi yako amegombana na mchungaji kuhusu wimbo, anadai yeye ndiye aliyeanza sawa, kanisa zima ndilo lililokosea.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti mbele ya watu. Habari ya mavi niliiruka. Na tarehe nne mwezi wa saba, kijiji kizima kitakuja hapa kwangu kusikiliza redio. Nimeshasema, siwezi kurudi nyuma. Pombe ya mtama nitaiandaa mwenyewe, na yule kondoo mweusi aliyekuwa akikupiga pembe atakufa kwa heshima yako. Chifu amekubali kuja. 'MaNthatisi sikumwalika, kwa hiyo najua atawahi kuliko wote.

Glavu hizi hapa. Sasa nikuulize. Mwaka jana mwezi wa sita uliniandikia kwamba Durban watu wanaoga baharini wakati sisi tunapasua barafu ya ndoo. Baridi ya kufika kiwiko umeipata wapi?

Na jambo la pili. Kwenye barua yako kuna chakula cha farasi, kuna nguo za farasi, kuna mlango wa farasi. Hakuna mguu hata mmoja. Kwa barua yako huyu Kolonele hana miguu kabisa, na bado anashinda. Hilo watu hawakuliona. Mimi nililiona.

Mama yako, ambaye darasa la tano alilimaliza na anajua kusoma


Durban, 10 Juni 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Glavu zimefika na zimenitosha, isipokuwa kidole gumba cha kushoto ambacho ulikifuma kwa ajili ya mtu mwingine, mkubwa zaidi.

Miguu anayo, yote minne, nimehesabu. Wa mbele wa kushoto una joto kidogo nyuma, kwenye ukano, ule mshipa mgumu. Asubuhi nasogeza kiganja na nalisikia kabla hata ya kugusa vizuri. Bwana Hattingh anasema ni joto la kazi.

Baridi si ya Durban, ni ya ndoo. Kila daktari wa uwanja anapokuja kuwakagua farasi, namsimamisha Kolonele mguu ndani ya ndoo ya barafu tangu alfajiri, naushikilia asiutoe. Daktari anapofika, mguu ni baridi kama ile mingine. Anaushika, anaandika, anaondoka. Baada ya hapo kuna sindano fulani ya kumpunguzia maumivu, wanampiga watu wa Bwana Hattingh, na siku ya pili anakimbia kama mtoto. Usicheke, lakini huwa ananilalia begani akiwa kwenye ndoo. Ananiamini.

Huwa nawaza tu. Bwana Hattingh si mtu mkatili, analia farasi wakishinda. Tena zimebaki mbio hizi moja, halafu atapumzishwa.

Mama, nilitaka kuuliza, hivi Pulane alipopigwa na radi, alikuwa analisha au alikuwa anakimbia? Sikuwepo, nilikuwa shuleni Maseru, na wewe hujawahi kunisimulia vizuri. Nauliza tu.

Chumba cha mgeni nimekiona. Kina dirisha upande wa jua.

Mwanao,
Letlatsa


Ha Mokoto, 21 Juni 1998

Letlatsa,

Leo sikupi habari za shangazi.

Pulane hakupigwa na radi.

Ilikuwa mbio za sikukuu ya mfalme. Baba yako alikuwa ameshatuacha mwaka mzima, na 'MaNthatisi alikuwa ameleta farasi mpya, wa kijivu, anapita naye mbele ya mlango wangu asubuhi na jioni kana kwamba njia nyingine zote zimefungwa. Nikasema kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba Pulane atamwacha huyo kijivu akila vumbi. Asubuhi ya mbio niliweka kiganja kwenye mguu wake wa mbele. Ulikuwa na moto. Nikamshusha mtoni nikamsimamisha kwenye maji ya mwezi wa saba mpaka mimi mwenyewe nikawa sisikii vidole, na mguu ukapoa. Mto ndio barafu yetu, baba. Hakuna aliyenifundisha.

Aliongoza. Nilikuwa napiga kelele za furaha alipofika kwenye kona, na kwa sababu ya kelele zangu mwenyewe sikuisikia sauti ya mfupa. Wengine waliisikia.

Niliwaomba watu wote wakuambie ni radi. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyenisaliti, hata 'MaNthatisi, na wewe unajua anavyopenda kusema. Ndiyo maana namkaribisha chai hata siku ninazomchukia.

Hilo swali lako si la Pulane. Umeniuliza kama uende kwa daktari. Nenda. Mwambie kuhusu ndoo. Kuhusu chumba cha mgeni, mimi nina chumba changu huku, kina dirisha na kina jua. Sherehe yangu niachie mwenyewe, nimeitangaza mimi na nitaizika mimi.

Njia ya mlimani imejaa theluji na gari la posta halijapita siku nne. Nampa barua hii mfanyabiashara wa sufu anayevuka kwa farasi. Akichelewa nitamlaani.

Mama


Ha Mokoto, 6 Julai 1998

Mwanangu,

Sijui kama barua yangu ilikufikia, kwa hiyo naandika kama mtu anayeongea gizani. Shangazi yako mzima. Amepatana na mchungaji, wimbo umebadilishwa.

Watu walikuja. Wengi mpaka wengine walikaa juu ya magunia. Chifu alipewa kiti chenye mgongo. Redio niliiweka mezani juu ya kitambaa. Basi mtangazaji akaanza kusoma majina ya farasi, mmoja mmoja, na kila jina nasema, "Bado, ni huyu anayefuata." Akamaliza. Kolonele hayumo. Chifu akanitazama mimi, mimi nikaitazama redio.

Kisha mtangazaji akasema kwamba Kolonele ameondolewa, hakusema kwa nini, na farasi wakakimbia bila yeye, na mwingine akashinda, na hakuna aliyemsikiliza.

'MaNthatisi akasema, "Labda anakimbia kimyakimya." Watu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka, Letlatsa. Nikawaambia kondoo ameshaiva na hajui lolote kuhusu redio, tule. Walikula mpaka mifupa. Waliporudi makwao 'MaNthatisi alibaki kunisaidia vyombo. Alipomaliza akasema tu, "Kama ni mguu, kijana wako amefanya vizuri." Nikamwambia hakuna aliyemuuliza.

Sasa nijibu. Je, ni wewe uliyemtoa, au amekufa? Ukikaa kimya nitakuja mwenyewe, na unajua nikipanda gari natapika njia nzima na kuwasimulia abiria habari zako.

Mama yako


2 Agosti 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ya mtu wa sufu ilinifikia tarehe kumi na tano Julai, imelowa na kukauka, nusu ya maneno yamekimbia. Yaliyobaki yalitosha. Nimeisoma mara nyingi. Sina la kukulaumu. Nilikuwa na glavu zako mikononi nilipokuwa nikifanya vilevile.

Lakini ujue kabla barua haijafika nilikuwa nimeshafanya. Alhamisi kabla ya mbio, daktari alipofika, nilimwacha Kolonele amesimama na mguu wake ndani ya ndoo. Daktari akatazama ndoo, akanitazama mimi, akasema, "Kila wiki?" Nikasema kila wiki. Akamwambia Bwana Hattingh alete mashine ya kupiga picha za ndani ya mguu. Ukano umechanika zaidi ya nusu. Daktari alisema mbio moja zaidi ingetosha kuukata kabisa.

Bwana Hattingh hakunipigia kelele. Alisema, "Ningekupa nyumba." Basi.

Mimi nimebadilishiwa kazi kidogo. Niko sehemu yenye hewa nyingi. Kuna mama mmoja mjane, Bi Rautenbach, ana ng'ombe wa maziwa na majani yasiyo na mwisho. Ninakula vizuri.

Shida ni Kolonele. Hatakimbia tena. Daktari anaweza kumweka nyuma ya kliniki yake mpaka mwisho wa Septemba, baada ya hapo hana nafasi. Bwana Hattingh anasema nimchukue bure, la sivyo watakuja wale wanaonunua farasi kwa kilo. Wameshapiga simu. Mama, nimlete nyumbani? Tukitembea polepole kupitia njia ya mlima, siku tisa, mguu utavumilia. Huyo mama wa ng'ombe siwezi kumwomba kitu, ndiyo kwanza nimefika.

Mwanao,
Letlatsa


Ha Mokoto, 20 Agosti 1998

Mwanangu Letlatsa,

Hatujambo, na theluji imeanza kuondoka. Mbuzi wa 'MaNthatisi wamezaa. Shangazi yako amependekeza majina, hakuna aliyemwomba.

Kwanza nikuambie, juu ya barua hukuandika mahali. Ulidhani mama yako ataanza na tarehe. Lakini posta wao waliandika kwa ajili yako: muhuri unasema Underberg. Underberg ipo hapo chini ya milima yetu, nikipanda juu ya kilele nikapiga chafya utaisikia. Kwa hiyo Durban wamekufukuza, na sasa unakamua ng'ombe, na "kubadilishiwa kazi kidogo" ndilo jina lake la shuleni. Nimewaambia watu wote. Nimewaambia mwanangu amefukuzwa kazi kwa sababu hakukubali kumuua farasi, na kama kuna mwenye mtoto kama huyo amlete nimwone. Hakuna aliyeleta.

Sasa Kolonele. Habari zimeshasambaa, usiniulize zilipitia wapi. Chifu ameuliza kama atakuja kabla ya mbio za mwezi wa kumi. 'MaNthatisi amesafisha zizi lake la zamani, kubwa, anasema langu ni fupi kwa farasi wa hadhi ile. Na mimi usiku nikifumba macho namwona anashuka mlimani, mrefu, anang'aa, wewe umemshika kamba na ukosi umenyooka. Namtaka, baba. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu blanketi langu la harusi.

Usimlete.

Ngozi yake ni nyembamba, theluji itaingia mpaka kwenye ini. Mawe yetu yatamaliza huo mguu kabla hajafika kisimani. Lakini hayo ni ya daktari, ya kwangu ni haya: najijua. Wiki ya kwanza nitasema apumzike. Wiki ya pili nitamtembeza mpaka kwa Chifu, amwone tu. Wiki ya tatu mtu atasema farasi mzee mgonjwa kama huyu hawezi kumfikia yule mwana wa kijivu wa 'MaNthatisi, na mimi nitajibu. Nikishajibu, mguu umekwisha. Bwana Hattingh analia farasi wakishinda, umesema. Mimi naimba. Tofauti ni hiyo tu.

Mtafutie majani mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake.

Unasema huwezi kumwomba huyo Bi Rautenbach. Sawa, hujamwomba. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, imekunjwa mara nne. Hiyo si yako. Mpe mkononi, usiifungue, nitajua. Kama hasomi lugha yetu, mtu mwingine amsomee, si wewe, maana wewe utaruka mahali.

Mama yako,
'MaLetlatsa


Underberg, 27 Septemba 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa shangazi kuhusu majina ya mbuzi.

Safari hii mahali nimeandika.

Sikuifungua. Msimamizi wa ng'ombe, ambaye ni Msotho wa Mokhotlong, ndiye aliyemsomea Bi Rautenbach na kumtafsiria, jikoni, kwa sauti, mbele ya wakamuaji wote, na mimi nimesimama mlangoni na ndoo mbili. Sasa Bi Rautenbach anajua kwamba nilitembea nikiwa na miezi tisa. Anajua kwamba nikiwa darasa la pili nililala zizini siku tatu nikilinda punda mwenye homa. Anajua kwamba sipendi kiazi. Anajua kwamba ana bahati kubwa kunipata, na kwamba asipochukua farasi utaelewa, mama kwa mama, ila utashangaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu mama yako asije hapa, atanichukulia shamba." Kisha akauliza kama farasi anapatana na ng'ombe. Nikamwambia ukweli, kwamba hajawahi kukutana na mnyama yeyote bila ukuta katikati.

Tumemleta Jumatatu kwa lori la ng'ombe. Mguu umepoa, wenyewe, bila kitu. Niliweka kiganja mara tatu njiani.

Tulimfungulia malisho ya chini, yale makubwa, mpaka mtoni hakuna uzio. Mama, hakwenda. Alisimama pale nilipomvua kamba. Halafu akatembea hatua nne, akageuka, hatua nne, akageuka. Jumanne hivyo, Jumatano hivyo. Majani chini ya miguu yake yalikuwa yamelala kwa umbo la chumba. Wakamuaji walikuja kucheka, wakaacha kucheka. Mimi nilikuwa nakula chakula changu pale uzioni ili asiwe peke yake.

Jana asubuhi ng'ombe mmoja mwekundu, mzee, asiye na adabu, alipita katikati ya hicho chumba chake kana kwamba hakipo. Kolonele akamtazama. Akamfuata. Walishuka pamoja mpaka mtoni.

Leo nimesimama uzioni na ndoo ya nafaka, ile anayoipenda, yenye asali. Nimempigia mluzi mpaka mdomo ukakauka. Aliinua kichwa, akaniona vizuri kabisa, akarudi kula majani.

Mwanao,
Letlatsa